UDSM, Mzumbe au Chuo Kikuu Huria: mtoto wa kusini akasome sheria wapi?

Matokeo ya form six yakitoka tu, huku kwetu swali ni lilelile, uwe Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi au Nachingwea: dogo kapata HKL (History, Kiswahili, English) nzuri au HGL (History, Geography, English) nzuri, anataka sheria, sasa aende chuo gani? Wazazi wengi jibu wanalo tayari, Mlimani, yaani UDSM, maana ndo jina walilolisikia toka wadogo. Mi nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa Mtwara, vijana wa field, yaani mafunzo kwa vitendo, wanapita kwetu kutoka vyuo tofauti, nakaa nao, nasoma wanachoandika, na nimeona bora niandike kwa urefu mara moja kuliko kujibu kila mtu vipande vipande WhatsApp. Nalinganisha vyuo vitatu vya serikali ninavyoulizwa zaidi: UDSM, Mzumbe na Chuo Kikuu Huria. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ntaigusa, na chuo cha mahakama cha Lushoto pia kwa wale ambao point hazikutosha.

Ila kabla ya kulinganisha chochote kuna jambo ambalo watoto wengi hawaambiwi mpaka wafike mwaka wa tatu. Digrii ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Ukimaliza LLB, ndo hiyo digrii ya sheria, iwe Mlimani, iwe Huria, iwe chuo cha dini, bado unatakiwa uende Law School pale Dar, jina lake kamili ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, usome, upige field, ufaulu mitihani, ndo uombe kuapishwa. Na sio uwakili tu, matangazo mengi ya ajira za uhakimu na uwakili wa serikali nayo yanataka uwe umepita pale. Zamani haikuwa hivi, wahitimu walikuwa wanapita kwenye internship chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu halafu anayetaka uwakili anafanyiwa usaili wake, lakini ikatungwa sheria 2007 na kufika 2008 taasisi ikaanza kupokea watu.

Sasa mwaka 2022 mnakumbuka nchi nzima ilivyoshtuka. Matokeo yalitoka, wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye supp, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, 342, waliodisko, yaani walioondolewa, 265. Yaani kwenye kila watu mia, wanne tu ndo walitoka safi. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu walibishana sana wakati ule, wengine wakasema Law School wanakomoa, wengine wakasema vyuo vinatoa watoto wasiojua kuandika. Mi naamini pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila mzazi anayemlipia mtoto ada hana uwezo wa kuirekebisha Law School, anachoweza ni kumchagulia mtoto mahali patakapomtoa akiwa ameiva. Kwa hiyo hicho ndo kipimo changu kwenye maandishi yote haya: chuo gani kitakutoa ukiwa unaweza kusimama mbele ya mlango ule, ukiwa unaandika vizuri, unaongea vizuri, na bado una hela ya mwaka wa tano.

Mlimani na historia yake

Hapa ntakaa sana kwa sababu historia ya hii skuli sio pambo, ndo inaeleza kwa nini mpaka leo inafundisha inavyofundisha.

Kabla ya uhuru Mwafrika wa Tanganyika aliyetaka kuwa mwanasheria ilibidi apande meli au ndege kwenda nje, wengi London. Makerere ilikuwepo ila sheria walikuwa hawafundishi. Uingereza wakaunda kamati chini ya jaji wao Lord Denning kuangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, ripoti ikatoka mwanzoni mwa 1961, na miongoni mwa waliyopendekeza ni kwamba Dar es Salaam iwe na kitivo cha sheria. Oktoba 25, 1961, wiki chache tu kabla ya bendera kupandishwa, chuo kikafunguliwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, sheria. Wanafunzi 14. Mkuu wa kitivo wa kwanza alikuwa A.B. Weston. Kuhamia Mlimani kukaja 1964. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chote unachokiona leo, na uinjinia wake na ualimu wake, kilianza kama shule ya sheria.

Kati ya wale wa mwanzo mwanamke alikuwa Julie Manning, ambaye baadaye, 1975, akawa Waziri wa Sheria. Nawatajia mabinti wa Mtwara Girls na Masasi kwa makusudi kabisa, maana bado nasikia wazee wanasema sheria sio kazi ya mwanamke, na hilo lilishajibiwa kabla wao hawajapata wajukuu.

Kwa miaka kadhaa pale palikuwa mahali pekee pa kusomea digrii ya sheria Afrika Mashariki nzima. Wakenya walikuja, Waganda walikuja, kwa sababu Makerere na Nairobi walianzisha vitivo vyao mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzo wa 70. Ndo maana Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya 2011 mpaka 2016, digrii yake ya kwanza ni ya Dar. Kwa upande wa nyumbani orodha ni ndefu, Joseph Warioba alimaliza pale 1966 na akaja kuwa Waziri Mkuu na baadaye mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, Majaji Wakuu Augustino Ramadhani na Mohamed Chande Othman wamepita pale, Ibrahim Juma alisoma na akafundisha palepale kabla hajawa Jaji Mkuu, Asha-Rose Migiro alifundisha pale kabla ya kwenda kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007, Tulia Ackson naye alikuwa mhadhiri pale, akawa Spika 2022 na mwaka uliofuata akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Majina peke yake hayamsaidii mtoto wa Tandahimba, najua. Kinachomsaidia ni namna ya kufundisha iliyozaliwa pale miaka ya 60 na 70, kwamba sheria haisomwi kama vifungu vya kukariri, inasomwa pamoja na historia na uchumi wa jamii inayoongozwa na hiyo sheria, nani aliitunga, kwa faida ya nani. Mfano mzuri zaidi ni Profesa Issa Shivji, aliyesoma pale na kufundisha pale miaka mingi. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimpa uenyekiti wa Tume ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, wakazunguka mikoani wakisikiliza wanavijiji, na kazi yao ikawa moja ya mizizi ya Sera ya Ardhi ya 1995 na zile sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Sio mapendekezo yote yalikubaliwa, tume ilitaka ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano wa kijiji kabisa na serikali ikabaki na msimamo kwamba ardhi yote iko chini ya Rais kama mdhamini, na mjadala huo mwanafunzi wa sheria Mlimani anakutana nao mpaka leo. Sasa mtu wa Lindi au Kilwa anayeona ardhi ya kijiji inavyogombaniwa toka habari ya gesi ianze, hiyo aina ya usomaji inamgusa nyumbani kwao kabisa.

Haya, leo ikoje? LLB ni miaka minne. Kuingia ni ushindani, kigezo cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni point 4 kwenye masomo mawili ya principal ila mwenye point 4 asijipe matumaini Mlimani, nafasi zinachukuliwa na wenye A na B. Lecture zinajaa, mhadhiri hakujui jina, na usiposimama mwenyewe kwenye semina ukaongea unaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu kujua kama upo. Hilo nawaambia hasa wa kwetu, sababu mtoto wa kusini mara nyingi amelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, ni adabu nzuri nyumbani lakini kwenye semina ya jinai unakaa kimya maksi zinakupita. Faida yake ni kwamba uko Dar. Mahakama Kuu ipo, mahakama ya Kisutu ipo, chemba (ofisi) kubwa za mawakili zipo, kuna mashindano ya moot court, yaani kesi za mfano, kuna msaada wa kisheria ambao walimu na wanafunzi wa pale wamekuwa wakiutoa toka miaka ya 60, na jarida la Eastern Africa Law Review linatoka palepale toka 1968. Maktaba mpya ilifunguliwa 2018, hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017 zikiwa na nafasi 3,840, ila hata hivyo sio kila mtu anapata chumba ndani na ukikosa unapanga Sinza, Changanyikeni au Kimara na hapo gharama zinabadilika kabisa.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye prospectus ni watu. Ukisoma Mlimani, miaka kumi baadae classmate wako mmoja ni hakimu Kigoma, mwingine yuko Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, mwingine benki. Kwenye kazi hii unapiga simu kuuliza utaratibu wa masjala fulani na unajibiwa vizuri kwa sababu mlikaa hosteli moja. Nimeliona likifanya kazi mara nyingi na sitalipunguza.

Mzumbe

Mzumbe wanaanzia mbali kuliko Mlimani ukiangalia mwaka, 1953, ilipokuwa shule ya serikali za mitaa ya mkoloni, wakifundishwa machifu na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Mwaka 1972 ikaunganishwa na Taasisi ya Utawala iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa IDM, taasisi ya uongozi wa maendeleo, ambayo wazee wetu wengi serikalini wameipitia, na 2001 ikatungwa sheria ya kuifanya chuo kikuu. Kwa hiyo sheria pale imekulia ndani ya nyumba ya utawala. Unakiona hicho kwa vijana wao wakija field: wengi wanajua halmashauri inavyofanya kazi, wanajua baraza la madiwani lina mamlaka gani, wanajua kuandaa barua ya serikali na mkataba wa manunuzi, vitu ambavyo kijana wa Mlimani mara nyingi anajifunzia kazini.

Kama ndoto yako sio kuvaa joho mahakamani kila siku ila kuwa mwanasheria wa halmashauri, wa taasisi ya umma, wa mfuko wa hifadhi ya jamii, Mzumbe nakushauri kwa moyo mmoja. Na mazingira yake ni tofauti kabisa na Dar, kampasi iko nje ya Morogoro mjini upande wa barabara ya Iringa, chini ya milima ya Uluguru, hakuna mambo mengi ya kukutoa kwenye kitabu, chumba na chakula ni nafuu, mhadhiri unamkuta njiani unamuuliza. Kwa mtoto ambaye hajawahi kutoka Mtwara, mzazi ana wasiwasi wa Dar, hapo panatuliza.

Upungufu wake ni umbali na mahakama za juu na chemba kubwa. Morogoro mahakama zipo, Mahakama Kuu ipo, lakini wingi wa kesi na wingi wa mawakili wa kujifunza kwao hauwezi kufanana na Dar. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mzumbe likizo zake asizilale, field aifanyie mahali penye kazi. Na safari sasa hivi sio ile ya zamani, basi la Mtwara linakuleta Dar, unalala kwa ndugu, asubuhi unapanda SGR mpaka Morogoro, halafu daladala. Treni ile toka ianze 2024 imewasaidia sana wanafunzi wa kule.

UDOM naiweka hapa kwa kifupi. Imeanza 2007, changa kuliko zote hizi, ni chuo kikubwa na nafasi za malazi ni nyingi. Zamani ningesema haina historia ya sheria, leo nasema angalia ilipo: Bunge liko Dodoma, wizara ziko Dodoma, makao makuu mapya ya Mahakama yamefunguliwa Dodoma 2025. Kijana anayependa utungaji wa sheria na kazi za serikali kuu asiidharau.

Chuo Kikuu Huria

Hapa kuna dharau nyingi na nyingine hazina msingi. Huria ilianzishwa kwa sheria ya 1992, ikaanza kazi 1993, Makamu Mkuu wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari, na sheria ni kati ya digrii zake za muda mrefu. Kina vituo mikoani, Mtwara kipo, Lindi kipo. Wanafunzi wa sheria wa Huria ninaowafahamu huku ni karani wa mahakama, polisi, mwalimu wa sekondari, mtendaji wa kata, mama mwenye watoto watatu na duka. Hawa hawawezi kuacha mshahara miaka minne wakae hosteli. Unalipia kwa masomo unayochukua, mitihani unafanyia kituo cha mkoa wako, unasogea kwa kasi yako. Aliyekosa vigezo vya form six kuna kozi ya msingi, foundation, anaipita kwanza.

Na hawa watu wana kitu ambacho mtoto wa form six hana. Karani aliyekaa masjala miaka nane anajua jalada linavyotembea, anajua hati ya madai yenye kasoro inavyorudishwa, polisi anajua ushahidi unavyoharibika toka siku ya kwanza. Akija kusoma nadharia inakaa mahali pake mara moja.

Hatari ya Huria ni upweke. Hakuna semina ya kila wiki ya kukulazimisha kuongea, hakuna mwenzako wa kubishana nae usiku kuhusu kesi, mtu anajisomea makabrasha Nachingwea peke yake miaka mitano, anafaulu karatasi, halafu anafika Law School anaambiwa simama uwasilishe hoja mbele ya wenzio na hajawahi kufanya hivyo hata mara moja. Hapo ndo wengi wanakwama, na sio kwamba akili hawana. Ukichagua Huria tengenezeni kundi, watu wanne watano wa Mtwara, mkutane jumamosi, mmoja awe wa upande wa mdai mwingine mdaiwa, na muombe kukaa kwenye mahakama ya wazi siku mkiwa na nafasi. Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara iko hapahapa, na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza kesi inayosikilizwa hadharani.

Kwa form six aliyemaliza mwaka huu, hana kazi, hana familia, mi Huria simshauri kama chaguo la kwanza, sio kwa sababu digrii yake ni ndogo, digrii ni digrii na Law School wanaipokea sawa, ila miaka kumi na tisa ni umri wa kuhitaji kusukumwa na darasa.

Kiingereza, na hili ni kwa vyuo vyote

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, lugha ya mahakama ikawa Kiswahili, na watu wengi wakadhani basi na sheria itasomwa Kiswahili. Hapana. LLB ni Kiingereza, Law School ni Kiingereza, hukumu nyingi za rejea ziko Kiingereza. Vijana wetu wengi wa shule za kata wanafika wakiwa na History A ambayo wameikariri, ukimwambia andika kurasa mbili za hoja zake mwenyewe anatafuta wapi pa kunakili. Hiki ndo kitu kinachowaangusha wa kwetu kuliko chuo walichochagua, nasema kwa uchungu kabisa maana ni watoto wenye akili nzuri.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Mtandao wa TanzLII una sheria na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, unaingia kwa simu tu. Kati ya matokeo na kufungua chuo kuna miezi. Soma hukumu moja kila siku, fupi, hata ya mirathi au ya shamba, halafu iandike upya kwa maneno yako: nini kilitokea, swali la kisheria lilikuwa nini, jaji ameamua nini na kwa nini. Ukifanya hivyo mpaka chuo kinafunguliwa utafika semina ya kwanza ukiwa umeshazoea lugha ambayo wenzako wanaiona mara ya kwanza, hata wale wa shule za gharama.

Hela, ya miaka mitano

Mzazi akipiga hesabu anapiga ya miaka minne. Piga mitano. Mwaka wa Law School una ada yake, una kuishi Dar kwake, na unakuja wakati boom, hela ya mkopo ya kujikimu, limeshakata. Bodi ya Mikopo ina mwongozo wake kwa wanaokwenda Law School, tofauti na ule wa digrii ya kwanza, usomeni mapema kila mwaka unapotoka. Kwa digrii yenyewe, sheria kwa miaka mingi imekaa kundi la chini la vipaumbele vya bodi ukilinganisha na afya, uinjinia na ualimu wa sayansi, kwa hiyo usipange maisha kama vile asilimia mia inakuja, na uambatanishe nyaraka zote zinazoonyesha hali halisi ya familia, za yatima, za ulemavu, za TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), maana fomu inayoonekana nusu inakupunguzia.

Halafu sisi huku tuna tatizo letu la kalenda. Hela ya kusini ni korosho, minada inaanza Oktoba na malipo yanaingia mwisho wa mwaka, ambayo kwa semester ya kwanza imekaa vizuri kabisa. Semester ya pili inaangukia Machi na Aprili, wakati hela imeisha, wengine wanasubiri sulphur, dawa ya mikorosho. Hapo ndo nimeona watoto wanakosa namba ya mtihani kwa deni ambalo Desemba lingelipika. Mzazi wa mkulima, siku malipo ya mnada yanaingia kwenye akaunti lipa ada ya mwaka mzima kwa control number siku hiyohiyo, usisubiri. Kwa hesabu hii Mzumbe inakuja ya nafuu zaidi kwenye kuishi, Mlimani inategemea kama umepata hosteli au una ndugu Dar wa kweli, sio wa kukuvumilia mwezi mmoja, na Huria ni nafuu kuliko zote kwa sababu unalala kwako.

Ukirudi nyumbani

Wengi wanaosoma sheria kutoka huku hawarudi, wanabaki Dar wakigombania kazi na maelfu. Wakati huku kazi ipo. Vyama vya msingi vya korosho vina migogoro kila msimu toka stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala na mnada, ianze Mtwara 2007, mkulima analalamika makato, AMCOS, ndo chama cha msingi chenyewe, inashtakiwa, viongozi wanafikishwa mahakamani. Gesi ya Mnazi Bay na Songosongo, kiwanda cha Madimba, mradi wa LNG, wa kusindika gesi iwe kimiminika, unaozungumzwa Likong'o pale Lindi, vyote vina fidia, vina mikataba, vina wanavijiji wanaosaini makaratasi wasiyoyaelewa. Mirathi ndo usiseme. Toka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi na wanafanya kazi nzuri vijijini, lakini kesi ikipanda juu anahitajika wakili na mawakili tulionao ni wachache.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anafaa kuitumikia kusini, nasema yule wa Mlimani aliyeelewa ardhi na historia, na yule wa Mzumbe anayeielewa halmashauri, na yule karani wa Huria ambaye hajawahi kuondoka, wote tunawahitaji.

Kwa waliokosa point: usikae nyumbani mwaka mzima, wala usiingie kozi usiyoitaka ili mradi chuo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, cha serikali, kinatoa cheti na diploma ya sheria, ukifanya vizuri diploma unaomba LLB kwenye vyuo hivi hivi. Nimewaona waliopita Lushoto wakifika digrii, uandishi wao wa nyaraka za mahakama unakuwa mbali kuliko wenzao waliotoka form six moja kwa moja.

Basi kwa ufupi wa ushauri wangu kwa mtu mmoja mmoja. Point zako ni za juu, unaongea bila woga, na una pa kulala Dar: weka Mlimani ya kwanza. Point ni nzuri ila unajijua unahitaji utulivu, au hela ya nyumbani ni ya mnada tu: Mzumbe ya kwanza, Mlimani ya pili, na usione umeshuka. Unapenda serikali kuu, UDOM isikose kwenye orodha. Una ajira tayari, Huria, leo, usisubiri uhamisho. Maombi yanatumwa kwenye chuo chenyewe, kila chuo na mfumo wake, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri (code) inayokuja kwenye simu, kwa hiyo namba utakayojaza iwe ya simu yako mwenyewe unayolala nayo, sio ya mjomba aliyeko machimboni Tunduru, maana dirisha la kuthibitisha lina tarehe ya kufunga na chuo hakitakupigia.